Mshahara wa Mkubwa na Bei ya Mahindi

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Juni, mahindi yanapokauka katika nyanda za juu za Ufipa, swali moja husikika toka Laela hata Namanyere na toka Mpui hata Matai: mwaka huu kilo itauzwa shilingi ngapi? Mkulima huuliza kwa jirani, huuliza kwa dereva wa lori aliyetoka Tunduma, husikiliza redio apate kujua kama Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula umefungua vituo vyake vya ununuzi. Hatimaye bei huletwa na yule anayenunua, naye mwenye mali ama huikubali, ama hurudi na magunia yake nyumbani ambako panya wanamngoja. Hatujapata kusikia hata siku moja kwamba mkulima wa Ufipa ameitwa ofisini, akapewa kiti, akaambiwa: "Ndugu, tuchagulie masoko kumi unayopenda kulinganishwa nayo, nasi tutakulipa bei ya katikati yao, au tuipandishe kidogo, kwa kuwa wewe si mkulima wa kawaida."

Jambo ambalo kwa mkulima huyo lingekuwa kichekesho, kwa mkuu wa shirika au wa kampuni ya umma ni utaratibu wenye heshima kamili. Huitwa utafiti wa mishahara. Bodi humwita mshauri. Mshauri huchagua mashirika kadhaa yanayosemekana kufanana na lile lililomwajiri. Hukusanya mishahara ya wakuu wake, pamoja na nyumba, gari, posho na bonasi ya mwisho wa mwaka. Huipanga toka chini hata juu. Kisha huonyesha mshahara wa katikati, yaani ule ambao nusu ya wakuu wanapata zaidi yake na nusu wanapata pungufu. Bodi hutazama jedwali, humtazama mkuu wake, huamua. Kumbukumbu za kikao zitasema kwamba mshahara umewekwa kwa kufuata soko.

Hatusemi kwamba takwimu ni mbaya. Afadhali takwimu kuliko kujipangia gizani. Tunalosema ni kwamba jedwali hilo halikuteremka toka mbinguni. Yupo mtu aliyechagua majina ya kuingizwa humo, na yeye aliyechagua majina ndiye aliyeweka mshahara, hata kama hakutamka tarakimu hata moja.

Huenda msomaji wetu wa Sumbawanga akauliza jambo hili lamhusu nini, maana wakuu wa mashirika hawakai Malangali wala Majengo. Lamhusu sana. Serikali yake, kwa kupitia Ofisi ya Msajili wa Hazina, ina hisa au umiliki kamili katika mashirika na kampuni zaidi ya 300. Umeme unaowasha taa yake ni wa shirika la umma. Maji ya bomba yake ni ya mamlaka ya umma. Benki ya NMB, ambayo hisa zake huuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu mwaka 2008, karibu theluthi moja yake ni mali ya Serikali. Mtu ambaye hajaona cheti cha hisa kwa macho yake ni mwenye mali pamoja na wengine, na mshahara wa mtumishi wake mkuu hutoka katika mali hiyo. Mwenye ng'ombe ana haki ya kujua anamlipa nini mchungaji, na ni nani aliyepanga malipo hayo.

Asili ya mtindo huu si ya kwetu. Mwaka 1951 kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani ilimtaka Arch Patton, mshauri wa kampuni ya McKinsey, achunguze mishahara ya wakubwa ikilinganishwa na ya wafanyakazi. Patton aliona kwamba kwa muda wa miaka kumi na zaidi iliyotangulia mishahara ya wafanyakazi ilikuwa imepanda kwa kasi kuliko ya wakubwa wao. Uchunguzi wake ulipochapishwa, wakubwa wa kampuni nyingi walimtafuta, kila mmoja akitaka kujua amesimama wapi miongoni mwa wenzake. Kazi ikawa ya kila mwaka, ikawa biashara, ikaenea duniani. Miaka mingi baadaye, mzee huyo alipoulizwa anajionaje kwa matokeo ya kazi yake, alijibu kwamba anajiona mwenye hatia.

Hatia gani, hali alikusanya tarakimu tu? Hebu tufanye hesabu ya darasa la nne. Chukua mashirika matano ya mfano, ambayo wakuu wake wanapata kwa mwezi shilingi milioni 10, milioni 12, milioni 14, milioni 16 na milioni 20. Mshahara wa katikati ni milioni 14. Bodi za wale wawili wa chini zinaona haya. Hakuna bodi inayopenda kuandika kwamba mkuu wake ni wa kiwango cha chini, maana ingekuwa inajihukumu yenyewe iliyemwajiri. Basi zinawapandisha wote wawili hadi milioni 15, "juu kidogo ya katikati". Mwaka wa pili utafiti unarudiwa. Sasa katikati ni milioni 15, na yule wa milioni 14, ambaye jana alikuwa katikati hasa, leo ndiye wa mwisho kabisa. Naye anapandishwa hadi milioni 16. Mwaka wa tatu katikati ni milioni 16. Gharama ya wakuu hao watano imetoka milioni 72 kwa mwezi hadi milioni 82, bila gunia moja kuongezeka ghalani wala ndoo moja ya maji kuongezeka bombani. Wala hakuna aliyeiba. Kila bodi ilifuata soko, na soko lilikuwa ni hizo bodi zenyewe zikitazamana.

Taifa letu lina kumbukumbu ya uchungu juu ya jambo hili la kulinganisha mishahara. Mwaka 1948 tume ya Serikali ya kikoloni iliyoongozwa na Holmes ilitoa taarifa juu ya mishahara ya utumishi wa serikali katika Afrika Mashariki, na humo mlikuwa na kanuni ya tatu kwa tano: Mwafrika au Mhindi mwenye kazi sawa na ya Mzungu alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Mwaka 1954 tume ya Lidbury iliiondoa kanuni hiyo ya aibu ikaweka ngazi moja kwa wote. Lakini juu ya ngazi hiyo ikaruhusu nyongeza ya kumvuta mtumishi atokaye ng'ambo. Kwa maneno mengine, mmoja alilinganishwa na London na mwingine akalinganishwa na kijiji chake. Tarakimu za tume zote mbili huenda zilijumlishwa kwa usahihi kabisa. Udhalimu ulikuwa katika kuchagua nani afananishwe na nani.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, wenyeji walipokea viti, na pamoja na viti walipokea mishahara iliyokwisha kupimwa kwa kipimo cha London. Hapo ndipo wananchi walipopata neno lao la "manaizi", na halikuwa neno la kusifu. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, miongoni mwake kukatwa sehemu ya mshahara kwa muda wa utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akasema mishahara ya wakubwa wote ni mikubwa mno, wa kwake ukiwemo, na papo hapo akaupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa, na kiongozi akakatazwa kuwa na mishahara miwili. Mwaka huo huo kamati ya kudumu ya mashirika ya umma, iliyojulikana kwa jina la SCOPO, ilipewa kazi ya kupanga ngazi moja ya mishahara kwa mashirika yote. Mwalimu alipotoa hesabu ya miaka kumi ya Azimio mwaka 1977, alieleza kwamba tofauti kati ya mshahara wa juu na wa chini katika utumishi wa umma, baada ya kodi, ilikuwa imeshuka toka mara 50 mwaka 1961 hadi mara 9 hivi mwaka 1976.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 mkulima wa Ufipa naye alikuwa na jedwali lake. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Kilo ya Sumbawanga, iliyosafiri mwendo wa kuchosha hadi kufika Dar es Salaam, ililipwa sawa na kilo iliyovunwa karibu na kinu. Bei hiyo ndiyo iliyoufanya mkoa wa Rukwa, uliozaliwa mwaka 1974, kuingia katika mikoa minne mikubwa ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Watu waliokuwa wakilima ulezi na maharage katika matuta yao ya nyasi walilima mahindi ya kuuza, wakajenga nyumba za bati, wakasomesha watoto. Basi kwa muda fulani mkuu wa shirika na mkulima wote wawili walilipwa kwa jedwali lililoandikwa mahali pamoja, kwa fikra moja, na kila mmoja aliweza kuuona mshahara wa mwenziwe.

Hatutaki kupamba. Majedwali yale yalikuwa na kasoro zilizoyaua. NMC ilizama katika madeni, kwa kuwa bei ya nchi nzima ilikuwa na gharama ambayo hakuna aliyetaka kuitaja. Na ngazi ya SCOPO, bei za vitu zilipopanda kwa kasi katika miaka ya 1980, ikawa haimtoshi meneja kulisha nyumba yake wiki mbili. Matokeo yalionekana: banda la kuku nyuma ya nyumba ya shirika, gari la ofisi lililobeba mkaa, posho za safari zisizokuwa na safari, na wahandisi hodari waliovuka mipaka kwenda Botswana na kwingineko. Mshahara mdogo wa kwenye karatasi si uadilifu. Mara nyingi ni mshahara mkubwa uliofichwa.

Kati ya mwaka 1984 na 1991 soko la nafaka lilifunguliwa hatua kwa hatua, na bei moja ya nchi nzima ikafa. Sheria ya mashirika ya umma ya mwaka 1992 nayo ikaja na mwelekeo mpya, shirika lijiendeshe kibiashara. Majedwali yote mawili yakaondolewa. Lakini tazama yaliyofuata. Mkulima wa Ufipa aliambiwa, "Sasa ni soko," na soko lake likawa lori lililofika mlangoni. Bei ya Dar es Salaam ikipunguzwa safari, ikipunguzwa mashimo ya barabara, ikipunguzwa faida ya mchuuzi, kilichobaki ndicho chake. Mkuu wa shirika naye aliambiwa, "Sasa ni soko," na soko lake likawa orodha ya wakuu wengine, inayotengenezwa na mshauri anayelipwa na shirika lile lile. Mmoja alipewa soko la kumpunguzia, mwingine akapewa soko la kumwongezea, na yote mawili yakaitwa kwa jina moja. Hilo ndilo linalotufanya tuandike leo.

Machi 2016, akiwa Chato, hayati Rais Magufuli alitangaza kwamba wapo wakuu wa mashirika ya umma wanaolipwa hadi shilingi milioni 40 kwa mwezi, na kwamba hapana atakayelipwa zaidi ya milioni 15. Mwaka uliofuata alisema hadharani kuwa mshahara wake mwenyewe ni milioni 9. Tarakimu hizo yafaa zipimwe kwa mizani ya hapa Rukwa. Tuseme kwa mfano tu kwamba kilo ya mahindi ni shilingi 500, yaani gunia la kilo 100 ni shilingi 50,000. Milioni 15 ni magunia 300, lori zima la tani 30, kila mwezi. Milioni 40 ni magunia 800, karibu malori matatu. Ukipenda kupima kwa mshahara, kima cha chini cha watumishi wa umma kilipandishwa toka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Kwa kima hicho milioni 15 ni mara 30, na milioni 40 ni mara 80.

Amri ile ya mwaka 2016 ilipokewa kwa vigelegele, nasi hatuoni aibu kusema ilistahili. Lakini amri ni amri. Milioni 15 haikuwa na hesabu iliyoeleza kwa nini si 12 wala si 20, na jambo lisilokuwa na hesabu hutegemea nguvu ya sauti iliyolitamka. Mkuu wa bandari na mkuu wa wakala mdogo wenye wafanyakazi arobaini hawana mzigo mmoja. Nchi haiwezi kuendesha mashirika zaidi ya 300 kwa sauti, wala haiwezi kuyaendesha kwa utafiti wa watu wanaotazamana.

Majirani zetu wa Kenya walichukua njia nyingine. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 230, iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, ili anayepanga mshahara wa mkubwa asiwe yule anayeupokea wala bodi yake. Tume hiyo hupima uzito wa kazi na hutazama pia uwezo wa nchi kulipa. Imegombana na wabunge zaidi ya mara moja, nasi twalihesabu hilo kuwa ushahidi mzuri kwa upande wa Tume. Singapuri, ambako mawaziri hulipwa kwa kulinganishwa na matajiri wa sekta binafsi tangu mwaka 1994, wananchi walinung'unika sana, hata mwaka 2012 kipimo kikabadilishwa: huchukuliwa mshahara wa katikati wa raia 1,000 wanaopata zaidi, kisha hukatwa asilimia 40, kwa hoja kwamba utumishi wa umma ni utumishi. Bado ni mshahara mnono, na hatumshauri mtu auige. Lakini kile kipunguzo kimeandikwa wazi, na kila mtu anajua kimetoka wapi.

Watatuambia kwamba bila kulipa kama wengine tutapoteza watu hodari. Hoja hiyo ina uzito, ila huletwa mahali pasipo pake. Uzito wake uko kwa mhandisi wa maji, kwa mhasibu, kwa daktari. Kabla ya lami ya kutoka Tunduma kukamilika katika miaka ya 2010, mtumishi aliyepangiwa Sumbawanga aliweza kutafuta kila njia ya kurudi alikotoka kabla hajafungua masanduku. Utafiti wa mishahara ungetumika vizuri kumpata huyo na kumweka: ungeonyesha analipwa nini mwenziwe wa Dodoma au wa mgodini, na aongezewe nini kwa baridi ya Ufipa na umbali wake. Lakini tafiti hizi huanza juu, na mara nyingi huishia juu. Mkuu wa mamlaka ya maji hana mshindani. Hakuna bomba la pili mtaani ambalo mwananchi anaweza kuhamia. Mkuu wa benki binafsi akileta hasara, wenye mali humfukuza; shirika la umma likileta hasara, Hazina huitwa. Basi anapowekwa katika orodha moja na yule wa benki binafsi, amekopeshwa mshahara wa hatari asiyoibeba.

Twaonelea kwamba jambo la kwanza ni kuitoa orodha mezani. Mashirika yaliyotumika kulinganisha yatajwe kwa majina, na sababu ya kila moja iandikwe: ukubwa wa mali, idadi ya wafanyakazi, kama lina mshindani au halina, kama linaishi kwa mapato yake au kwa ruzuku. Mshauri aajiriwe na Msajili wa Hazina, asiajiriwe na ofisi ya yule ambaye mshahara wake unapimwa. Na jedwali lisiangalie wakuu wenzake peke yao. Liangalie chini pia, ndani ya shirika lenyewe, hata kwa mlinzi wa lango, lionyeshe mkuu anapata mara ngapi ya anachopata huyo. Kampuni kubwa za Marekani zimelazimika kutangaza hesabu ya namna hiyo tangu mwaka 2018, wakilinganisha mkuu na mfanyakazi wa katikati, na hazikufilisika kwa kuitangaza. Kwetu kampuni zilizo katika Soko la Hisa hutangaza malipo ya viongozi wao kwa jumla tu, kama kanuni za hesabu zinavyotaka, na mwenye hisa hubaki akigawanya mwenyewe kwa kukisia.

Haya hayahitaji tume mpya wala semina. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali juu ya mashirika ya umma hufika Bungeni kila mwaka mwezi wa Aprili, na Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma huyaita mashirika hayo na kuyahoji. Kila shirika litakapoitwa, liulizwe maswali mawili kabla ya kuulizwa faida: mkuu wenu amelinganishwa na nani, na ni nani aliyemchagulia wenzake hao? Wabunge wetu wa Rukwa, ambao wapiga kura wao huuza mahindi kwa bei waliyoletewa, wanaweza kuwa wa kwanza kuyauliza.